Adapta ya propela inachomoka kwenye A2212: anza na kalipa kabla ya spana

Mkuu, umesema mota ya ndege yako ya mfano ni A2212 ya KV 1000 (mizunguko 1,000 kwa dakika kwa kila volti), betri ya seli 3, propela ya inchi 9, na adapta ya koleti, yaani kishikio chenye mipasuo kinachobana shafti ili propela ikae, inachomoka hewani hata ukaze vipi. Waliotangulia wamekwambia uongeze nguvu, au utie gundi ya papo hapo kwenye shafti. Usifanye hata moja. Koleti hushika pale vipimo vinapokubaliana, na visipokubaliana utakata bure nyuzi za alumini zinazofungia nati.

Pima unene wa shafti kwa kalipa ya dijitali. Mota hizi kwa kawaida zina shafti ya milimita 3.17, yaani sehemu moja ya nane ya inchi, lakini madukani adapta za 3.0 na za 3.17 hukaa boksi moja na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukivalisha koleti ya 3.17 kwenye shafti ya 3.0 itaingia vizuri tu, na hapo ndipo inapokudanganya: midomo yake inafumba mshazari, inabana ukingoni peke yake, huko ndani inaelea. Kinyume chake, ya 3.0 haiingii kwenye 3.17, basi mtu anachukua drili ya mkono anaipanua. Tundu likishapinda hilo, hakuna cha kulinyoosha. Nunua nyingine.

Kama kipimo ni sahihi, angalia jinsi koleti inavyofanya kazi. Ile sehemu ya nyuma yenye mipasuo ina umbo la koni, na bamba linaloegemea propela lina tundu la koni vilevile. Nati inapokazwa inasukuma propela na bamba kuelekea kwenye mota, huku ikiivuta koni mbele iingie ndani ya bamba. Mipasuo inafumba, shafti inabanwa. Sasa, propela za ndege za mwendo wa taratibu mara nyingi zina kitovu chembamba. Nati inafika mwisho wa nyuzi kabla koni haijafumba. Mkononi unahisi imekaza sawasawa, kumbe imegota. Nadhani hili ndilo lako, maana umesema spana inafika mahali inakataa ghafla. Dawa yake ni washa (pete bapa za chuma) moja au mbili nene kati ya propela na nati. Kitovu kikiwa kinene mno tatizo linageuka: hakikisha nati imeshika angalau mizunguko mitano ya nyuzi.

Kufunga kwenyewe: futa shafti na ndani ya koleti kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi, kwa sababu shafti nyingi hutoka kiwandani na mafuta. Sukuma adapta mpaka shafti ipite urefu wote wa mipasuo. Acha uwazi wa kama milimita 1 kati ya bamba na mota. Weka propela, maandishi yakitazama mbele ndege inakokwenda. Kaza nati kwa mkono, kisha ingiza alenki kwenye kitundu cha pembeni mwa nati umalizie. Usishike kengele ya mota, yaani ganda lake la nje linalozunguka, kwa plaisi. Gundi ya nyuzi ya bluu usiiweke kabisa kwenye koleti. Hiyo ni ya skrubu za chuma, na ikigusa plastiki kama polikaboneti inaweza kuipasua.

Tundu la propela nalo lisicheze. Adapta ya milimita 6 kwenye tundu la robo inchi, yaani 6.35, inaacha propela ikae pembeni kidogo. Tumia pete zinazokuja na propela, si selotepu. Piga hesabu: propela ya gramu 15 ikikaa nje ya kati kwa milimita 0.1 tu, kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika inavuta kwa nguvu ya karibu gramu 135, na mvuto huo unazunguka mara 150 kila sekunde. Beringi haziwezi kudumu hapo.

Adapta za skrubu zisizo na kichwa mimi sizipendi kwa sababu hiyohiyo: skrubu moja inasukuma kila kitu upande mmoja. Kama huna njia nyingine, tafuta yenye skrubu mbili zinazotazamana, uzikaze kwa zamu, robo mzunguko kila moja, na usage bapa dogo kwenye shafti ili skrubu isiteleze. Shafti ni chuma kigumu, tupa ya kawaida huteleza tu. Tumia diski ya kusagia, na funika mota yote kwa selotepu kwanza. Unga wa chuma ukishafika kwenye sumaku hautoki.

Za kugongea kwa nyundo, ziache. Ukilazimika, pasha adapta joto na uegemeze ncha ya pili ya shafti kwenye chuma, la sivyo kila pigo linakwenda kwenye beringi na kile kiklipu cha nyuma.

Jambo lingine ambalo halijatajwa: breki ya kontrola, kile kifaa kinachoendesha kasi ya mota. Propela ya kawaida, ukiitazama kwa mbele, inazunguka kinyume cha saa. Mota ikiongeza kasi propela inabaki nyuma kidogo, na nati inajikaza. Breki ikishika ghafla, mota inasimama na propela inataka kuendelea: nati inafunguka. Kama propela yako si ya kukunja, zima breki kwenye programu ya kontrola. Ukiweka propela ya kinyume, tafuta adapta yenye nyuzi za kushoto.

Kabla ya kurusha, washa mota bila propela utazame ncha ya adapta. Ikionekana kama imepata ukungu, inayumba: fungua, zungusha koleti robo mzunguko kwenye shafti, funga tena. Kisha chora mstari mmoja kwa kalamu ya wino usiofutika kutoka ukingo wa bamba hadi kwenye kengele, vaa propela, funga ndege mezani, simama nyuma na usikae usawa wa propela, endesha kwa nguvu zote sekunde 10. Chomoa betri, tazama. Vipande viwili vya mstari vikiwa vimeachana ingawa washa zile umeshaziweka, kagua pia ile skrubu ndogo ya kwenye kengele inayoshika shafti. Ikilegea, shafti inazunguka ndani ya kengele yenyewe na adapta haina kosa.