Acha nafasi ya tarumbeta: niliyojifunza kwa ndugu wa Mizell

Mdogo wangu unayeanza kugonga biti, kabla hujatafuta programu nyingine, itafute "Black Byrd" ya mpiga tarumbeta wa jazi Donald Byrd, uisikilize kwa hedifoni usiku kumetulia. Albamu hiyo ya 1973 ni kazi ya mtayarishaji Larry Mizell, nduguye Fonce akiwa naye studio. Wahakiki wa jazi waliibeza, lakini watu waliinunua hadi ikavunja rekodi ya mauzo ya Blue Note, lebo iliyoitoa.

Larry alisomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Howard, kisha akafanya kazi Grumman, waliounda chombo cha Apollo cha kutua mwezini. Kwa hiyo kama wewe umetoka VETA au umesomea uhasibu, usione haya. Fonce alikuwa ametoka lebo ya Motown, mmoja wa timu iliyotunga "I Want You Back" ya Jackson 5, na alijua wimbo unaomkaa mtu kichwani unajengwaje.

Sasa sikiliza wanavyopanga. Chini kabisa kuna dramu za Harvey Mason na besi, mara nyingi ya Chuck Rainey, zimeshikana kama mkeka. Juu yake kinanda kinakwaruza kidogo, halafu sauti za kuitikia zinarudia maneno machache tu. Tarumbeta inaingia bila haraka kwa sababu njia iko wazi. Kwenye "Blacks and Blues", albamu nyingine waliyoitayarisha, Bobbi Humphrey aliwekewa muziki, akaambiwa apulize filimbi juu yake vile anavyousikia.

Mimi hilo nililielewa kwa kuumia. Alikuja mpiga saksafoni studio kwangu, nami biti langu nilikuwa nimelijaza: vinanda viwili, gitaa, fidla za kompyuta. Akajaribu mara tatu, kisha akalaza saksafoni mapajani, akaniuliza kwa upole, "Kaka, sasa mimi nipige wapi?" Nikaanza kuzima kimoja kimoja mpaka zikabaki dramu, besi na kinanda kimoja. Mara ya nne alipiga, na ndiyo tuliyoitoa.

Siku hizi usiku naliacha biti na dramu na besi peke yake. Asubuhi naongeza kitu kimoja. Kikifunika besi kwenye spika ya simu, nakitoa, hata kama nilikipenda.

Jambo jingine ni watu. Mason na Rainey wapo pia kwenye "Places and Spaces" ya Byrd na "Gears" ya mpiga kinanda Johnny Hammond, zote za 1975 na zote kazi ya ndugu wa Mizell. Wenye albamu ni tofauti, lakini sekunde chache tu za muziki zinatosha kumjua mpishi. Ukimpata mpiga besi anayekuelewa, mlipe kwa wakati na umwite tena.

Kwa wiki hii chukua "Gears". Mara ya kwanza fuata besi tu. Ya pili, hai-hati tu, yale matoazi mawili ya dramu yanayofunga na kufunguka. Ya tatu, andika kila sehemu ambayo kinanda kimenyamaza.