Storeji ya kulipia kwa matumizi kiwandani: mita inahesabu hadi ulichokwisha kufuta

Mkuu mleta uzi, umesema storeji (mtambo wa kuhifadhi data) ya kiwanda chenu ina miaka saba, imejaa, dhamana imeisha, na muuzaji amewaletea mpango wa kulipia kwa matumizi badala ya kununua mtambo mpya. Umeuliza mambo matatu: je, bili hupungua kweli mkipunguza data? Je, data inatoka nje ya kiwanda? Na mkataba ukiisha inakuwaje? Sisi tunatengeneza vipuri vya chuma na huu ni mwaka wa nne tunatumia mfumo wa aina hiyo. Mimi ndiye ninayepokea bili na kumpelekea mhasibu, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona. Samahani kwa urefu.

Nianze na la pili, maana ni jepesi. Data haitoki. Wengi wakisikia "kulipia kwa matumizi" wanadhani ni klaudi. Hapa mtambo unaletwa na kufungwa kwenye chumba chenu cha seva, unakula umeme wenu na kiyoyozi chenu, ila mali ni ya muuzaji na ndani yake kuna mita. HPE wanauita GreenLake, Dell wanao APEX, NetApp wanao Keystone, Pure Storage wanao Evergreen//One. Wa kwetu simtaji, na wala silipwi na yeyote kati ya hao. Kinachotoka nje ni taarifa za mita na za afya ya mtambo.

Kwa kiwanda hilo si jambo dogo. Seva inayoendesha laini ya uzalishaji ikiomba data kwenye storeji ya fleshi (isiyo na diski za kuzunguka) iliyo chumba cha pili, inajibiwa ndani ya milisekunde moja. Storeji ikiwa mbali ni makumi ya milisekunde, na siku kebo ikikatwa laini nzima inasimama. Tulipiga pia hesabu ya kuhamisha data: terabaiti 100 kwenye laini ya gigabiti 1 kwa sekunde, isiyofanya kazi nyingine yoyote, ni zaidi ya siku tisa. Kwa gigabiti 10 ni kama saa 22. Wazo la kupeleka kila kitu klaudi likafia kwenye kikao hicho hicho.

Kilichotusukuma sisi ni mtambo wa zamani, wenye diski za kuzunguka. Usiku mmoja diski ikafa. Mtambo ulikuwa kwenye RAID 5, yaani unavumilia kufa kwa diski moja tu, na vipuri vyake vilishaacha kuuzwa. Nikachomoa diski kwenye seva ya majaribio, nikaichomeka, mtambo ukaanza kujijenga upya. Muda wote huo, ikifa ya pili, kila kitu kimekwenda. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama asilimia: 41, muda mrefu sana 41, halafu 42. Msimamizi wa zamu ya usiku alikuja mara tatu, anasimama mlangoni, haulizi kitu, anaondoka. Asubuhi hoja ya kutafuta mtambo mpya haikuhitaji mtu wa kuitetea.

Sasa bili, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Mkataba wa namna hii una kima cha chini. Mtakilipia hata msipokitumia. Juu yake kuna nafasi ya ziada iliyokwisha kufungwa tayari, inayolipiwa pale tu mnapoigusa. Kwa hiyo ndiyo, bili hushuka, ila haishuki chini ya kima. Muuzaji atawauliza data yenu inakua kwa kasi gani, na hatawazuia mkitaja namba kubwa. Sisi tuliweka kima sawasawa na data yote tuliyokuwa nayo siku ya kusaini, pamoja na uchafu wote wa miaka iliyopita. Kosa letu lilikuwa hapo. Fanyeni usafi kwanza, halafu kima kiwe chini kidogo ya kinachobaki. Bei ya terabaiti ya ziada inaweza kuwa juu ya ile ya kima, lakini mimi naona bora kulipia ziada miezi michache kuliko kulipia hewa mkataba mzima.

Bili ya tano ndiyo iliyonipeleka shule. Tulishavuka kima, tukaamua kufuta: michoro ya bidhaa tulizoacha kutengeneza, seva pepe (seva za programu zinazoishi ndani ya seva moja halisi) ambazo hakuna aliyekumbuka zilikuwa za nini. Jumla terabaiti 11. Windows ikaonyesha nafasi imerudi, nikamwandikia mhasibu kwamba mwezi ujao atafurahi. Bili ikaja vilevile. Tena ilipanda kidogo!

Nilimpigia muuzaji simu kwa hasira, nikaaibika. Unapofuta faili, mfumo wa seva unafuta jina lake kwenye orodha yake tu. Mtambo wa storeji ulioko chini hauambiwi kitu. Wenyewe unaona vitalu, yaani vipande vya nafasi, vilivyowahi kuandikwa, na mita inasoma vitalu hivyo. Ni mpangaji aliyehama bila kurudisha ufunguo: chumba ni kitupu, kodi inaendelea. Lazima seva itume amri ya kurudisha nafasi, inayoitwa UNMAP, au TRIM kwa diski za SATA. Kwenye VMware, programu inayoendesha seva pepe zetu, volyumu (maeneo ya kuhifadhia) za aina ya VMFS 6, zilizokuja na toleo la vSphere 6.5, hufanya hivyo zenyewe taratibu. Zetu zilikuwa VMFS 5 tulizozihamisha kama zilivyo kutoka mtambo wa zamani, na hizo husubiri mtu atoe amri kwa mkono. Nilipotoa amri, nikafungua ukurasa wa mita nikakaa nao. Ilichukua karibu siku mbili kushuka. Na kwa kuwa bili yetu ni wastani wa matumizi ya mwezi mzima, nafuu kamili tuliiona mwezi uliofuata.

Baadaye nikagundua sehemu ya data "iliyofutwa" ilikuwa bado imeshikwa na snapshoti, yaani nakala za data kama ilivyokuwa saa fulani. Hizi tunazitunza kwa kufuli ya siku 30, ili hata mdukuzi wa programu za kudai fidia akiingia na nywila ya msimamizi asiweze kuzifuta. Na wewe huwezi pia, ndiyo maana ya kufuli. Siwashauri mziondoe, ila mjue kwamba mnachofuta leo mtaendelea kukilipia mpaka kufuli iishe.

Jambo lililotuumiza zaidi lilitoka kwa watu wa ubora. Walifunga kamera za ukaguzi mwisho wa laini, kila kipande kinapigwa picha, na picha zinatunzwa kwa ajili ya malalamiko ya wateja. Hakuna aliyetuambia TEHAMA. Niliona tu mstari wa mita unapanda kama ngazi. Muuzaji alishatuhakikishia kwamba mtambo utabana data moja kwa nne, yaani terabaiti nne zikae kwenye nafasi ya moja. Kwa hifadhidata ni kweli, na seva pepe zinazofanana zinabanika vizuri sana. Lakini picha ya JPEG imeshabanwa tayari, haina pa kubanwa tena. Bekapu iliyosimbwa ni hivyo hivyo. Kwenye mafaili hayo moja kwa nne ikawa moja kwa moja, yaani hakuna kilichopungua.

Ndiyo maana, mkuu, kabla ya kujadili bei muulize muuzaji swali moja na umtake alijibu kwa maandishi: mita inasoma nini? Inasoma data kabla ya kubanwa, au nafasi iliyoliwa baada ya kubanwa? Ikisoma kabla, faida ya kubana ni yake na hatari ni yake. Ikisoma baada, vyote ni vyenu. Mikataba miwili yenye bei inayofanana kwa terabaiti inaweza kutoa bili mbili zisizofanana hata kidogo kwa data ile ile. Angalia pia kipimo chenyewe: TB ni baiti trilioni moja, TiB ni kubwa kwa karibu asilimia 10. Tulipolinganisha wauzaji wetu wawili hatukuliona hilo mpaka mhasibu alipouliza kwa nini kuna herufi "i" hapa na kule haipo.

Mhasibu huyo huyo ndiye aliyetuzuia kumwambia mkurugenzi kwamba deni halitaonekana vitabuni. Muuzaji alilisema hilo kama sifa. Kama mnafuata IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa ukodishaji, iliyoanza kutumika Januari 2019, mtambo maalumu uliokaa kwenu na mnaoutawala nyie unaweza kuhesabika kuwa ni ukodishaji, na sehemu ya malipo isiyobadilika, yaani kile kima, ikaingia kama deni. Malipo yanayofuata mita ndiyo hubaki nje. Mwachieni mkaguzi wenu aamue kabla ya kusaini.

La tatu, mkataba ukiisha. Mnaongeza muda, mnabadilishiwa mtambo, au wanakuja kuuchukua. Wakiuchukua, wanaondoka na diski zenye michoro ya wateja wenu. Kwenye mkataba wetu tuliingiza kifungu cha kufuta data kwa utaratibu wa NIST 800-88 (mwongozo wa Marekani wa kufuta data isirudishike) na kukabidhiwa cheti chenye namba ya kila diski, pamoja na siku 90 za mtambo kubaki baada ya mwisho, ili tuhamishe data bila kukimbizwa. Cha pili walikikatalia wiki mbili nzima. Sisi tulibaki na siku 90 zetu, na kalamu tukaishika mpaka walipokubali.

Kama bado hamjasaini, chukua ripoti za matumizi za miezi 12 iliyopita, tenga hifadhidata, seva pepe, picha na bekapu, uziweke hapa tuzitazame. Majina ya wateja toa.