Mbegu ya KK

SWALI: Shikamoo daktari. Nina ng'ombe mmoja, chotara wa Friesian na zebu, ananipa lita 11 kwa siku. Mhimilishaji ameniletea habari za mbegu ya dume la Jersey; karatasi yake imeandikwa DGAT1 KK. Anasema hiyo ndiyo jeni ya maziwa, na bei ni mara mbili ya ninayolipa sasa. Nichukue?
Mama mfugaji, Hai

JIBU: Marahaba, mama. Mnunuzi wako anakulipa kwa lita au kwa mafuta? Hapo ndipo jibu lilipo.

Karatasi ni ya kweli, ila aliyekusomea kakosea. DGAT1 iko kwenye kromosomu ya 14 na kazi yake ni kuunda mafuta. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba badiliko dogo ndani yake linatosha kugeuza maziwa. Jeni hiyo ina aina mbili, K na A, na ng'ombe hupokea moja kwa kila mzazi; KK maana yake K zote mbili. Wenye K hutoa maziwa mazito lakini lita hupungua kidogo, wenye A hutoa mengi yaliyo mepesi. Kwa hiyo ni jeni ya samli, tuseme. Kama kituoni kwenu wanachovya laktomita tu, kile kipimo cha uzito wa maziwa, kisha wanahesabu lita, mafuta hayo utawapa bure. Laktomita haiyasifu hata kidogo. Mafuta ni mepesi, huishusha.

Yalinikuta mimi mwenyewe. Nilikuwa na chotara wa Jersey, maziwa yake yakilala usiku asubuhi unakuta utando wa kidole kizima. Majirani waliisifu chai yangu, mnunuzi akanilipa bei ileile ya wote. Faida niliiona mke wangu alipoanza kupika samli kila Jumamosi.

Tena zebu karibu wote wana K. Ng'ombe wako huenda anayo tayari kwa upande wa bibi yake, nawe unataka kuinunua kwa bei mara mbili!

Jeni moja haimpimi dume. Marekani, tangu 2009, madume ya Holstein hupangwa rasmi kwa kusoma maelfu ya alama za vinasaba kwa mpigo, pamoja na rekodi za maziwa za ndugu zao. Mwambie mhimilishaji akuonyeshe makadirio ya dume huyo kwa lita, protini, kiwele na uzazi wa mabinti zake. Akikosa, baki na mbegu yako, na hiyo pesa ya ziada nunua mashudu. Lita 11 kwa chotara aliyeshiba mabingobingo matupu, bado ana nyingine ndani.