Mtoto wa mwaka na miezi 8 kucheza na barafu: ninavyofanya kituoni kwetu

Dada, umeuliza kama mwanao wa mwaka na miezi 8 anaweza kuchezeshwa barafu kama zile video zinazosambaa, maana joto la Dar linamfanya alielie mchana kutwa, na mama mkwe amekwambia utamletea nimonia. Nina kituo kidogo cha kulelea watoto mchana huku Mbagala, na kaskazi ikishaanza kubana, kuanzia Desemba mpaka Machi, barafu haikosekani kwetu. Mchezeshe. Ila kuna mambo kwenye hizo video siyakubali hata kidogo, naomba unisome mpaka mwisho kabla hujagandisha maji.

Kubwa kuliko yote ni ukubwa wa barafu. Vile vipande vya trei ya friji visimfikie mtoto wa umri huo. Kila anachoshika kinaishia mdomoni, na kipande kidogo cha barafu ni kigumu halafu kinateleza, kinaweza kuingia kooni kabla hajaamua atafune au ateme. Watu husema "si kitayeyuka tu". Kitayeyuka, lakini mtoto aliyekabwa hana muda wa kukisubiri. Mimi nagandisha donge moja kubwa kwenye kopo tupu la aiskrimu la lita 2. Haliingii mdomoni, analilamba tu. Likipungua au likimeguka, kipande chochote kinachoweza kuenea kinywani nakitoa hapohapo, na sisubiri mchezo uishe.

Kwa kuwa atalamba, tumia maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa. Barafu ya kuhifadhia samaki na ile inayokwanguliwa kwenye kuta za friza, achana nazo.

Ukitaka donge liwe na vitu ndani, usivitumbukize vyote na kujaza maji kwa mara moja, vitaelea vyote juu na chini patabaki patupu. Jaza kopo nusu, gandisha, panga vitu vyako, kisha ongeza maji na urudishe kwenye friza mpaka kesho yake. Acha nafasi ya vidole viwili juu, maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, na ndiyo maana chupa ya kioo hupasuka humo. Sisi tunaweka vipande vikubwa vya chungwa, majani ya mwembe, petali za waridi, kijiko cha mbao ambacho mpini wake unachomoza nje. Rangi tunapata kwenye choya iliyochemshwa, nyekundu safi na haina shida akilamba. Bizari nayo inatoa rangi nzuri, ila nguo haitakaa iwe nyeupe tena. Maua usiyoyajua usiweke, mengine yana sumu. Na hizo shanga, vifungo, maharage na vifuniko vya soda unavyoviona kwenye video, hapana. Barafu ikiyeyuka vyote vinabaki mkononi mwa mtoto, na kutoka mkononi kwenda puani au kooni ni sekunde moja.

Siku ya mchezo, ukilitoa donge kwenye friza usimpe hapohapo. Friza ya kawaida inafika nyuzi 18 chini ya sifuri, na barafu ambayo uso wake bado haujalowa hung'ang'ania ngozi yenye unyevu, hasa midomo na ulimi. Liweke kwenye sinia, subiri mpaka uso wake wote ung'ae kwa maji. Ukilipitishia kidole na kidole kikateleza bila kukwama, limekuwa tayari.

Sinia la pilau juu ya mkeka, kivulini, mtoto kaptula tu, ndiyo mpangilio wote. Saa nne asubuhi kwetu ndiyo saa nzuri, wameshakula na usingizi bado. Mpe kikombe cha plastiki chenye maji ya vuguvugu na mwiko mdogo, halafu kaa naye chini.

Hapo ndipo raha yangu ilipo, na ndipo naona wazazi wengi wanaharakisha. Mtoto anaweka kiganja, anakiondoa kwa kushtuka, anakitazama kile kiganja kilicholowa, kisha anakutazama wewe. Usimvamie na maswali. Mwambie neno moja: "Baridi." Atarudisha mkono. Akimwagia maji ya vuguvugu barafu inatoa mlio, ka-ka-ka, na ufa mweupe unapita katikati ya donge. Kuna mtoto kituoni alikuwa hasemi kitu, akisikia huo mlio anainamisha sikio mpaka linagusa barafu. Siku moja akasema "inalia". Sikumfundisha mimi neno hilo. Mwache asikie, kisha umpe maneno machache anapoyahitaji: inateleza, inayeyuka, imedondoka. Ndiyo ile wataalamu wetu wa makuzi wanaita malezi yenye mwitikio, mtoto anaonyesha na wewe unajibu.

Wapo wanaokataa kabisa kugusa. Usimshike mkono ukaubandika kwa nguvu, utamfanya alichukie sinia lenyewe. Mfunikie donge kwa kipande cha kanga aguse juu ya kitambaa, au asukume kwa mwiko. Wengine huanza kwa mguu. Akiangalia tu wenzake, naye anacheza.

Vidole vikianza kuwa vyekundu sana au kupauka, au akawa anashindwa kushika mwiko, pumzisha mikono yake kwenye taulo kavu. Mwenyewe atarudi.

Kuna video zinaonyesha watoto wananyunyizia barafu chumvi ili iyeyuke haraka. Usithubutu. Chumvi ikichanganyika na barafu inashusha joto chini sana ya sifuri, na mchanganyiko huo unaunguza ngozi kama moto. Glovu na puto zilizojazwa maji na kugandishwa nazo sizitaki, vipande vya mpira vikiingia kooni ni shida kubwa. Na sinia au beseni lenye maji ya barafu iliyoyeyuka usimwachie mtoto hata dakika moja wakati unakwenda kupokea simu, mtoto mdogo huzama kwenye maji yasiyofika hata kiwiko. Mchezo ukiisha, mwaga kwanza, mengine baadaye.

Sasa mama mkwe. Nimonia inaletwa na vimelea, virusi au bakteria, kugusa barafu hakuileti. Lakini usibishane naye. Akisema mtoto asikae na nguo mbichi mbele ya feni, hilo ni sahihi, mkaushe na umvalishe nguo kavu mara mnapomaliza. Mwombe akae nanyi pale mkekani, aone mwenyewe.

Na kuna mahali hofu ya baridi ina haki yake kamili. Mtoto mwenye seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, baridi inaweza kumwamshia maumivu makali ya mifupa na viungo, kwa hiyo mchezo huu si wake. Nchini kwetu wanaozaliwa na ugonjwa huu ni maelfu kila mwaka, na wengine wazazi hawajui mpaka maumivu ya kwanza, vidole vya mikono na miguu vikavimba. Kama kwenye ukoo wenu au wa mumeo yupo mwenye seli mundu, mpime mtoto kwanza. Mimi kituoni nauliza kila mzazi anapomwandikisha mtoto. Mwenye homa pia simchezeshi, na usimpake barafu eti kushusha homa, atatetemeka na joto la mwili lipande zaidi.

Umesema huna friza. Nenda kwa jirani anayeuza barafu za ubuyu na ukwaju, mpelekee maji yako uliyochemsha ndani ya kopo lako lenye mfuniko, mlipe bei mtakayokubaliana, ulifuate asubuhi. Donge la lita 2 ukilifunga kwenye taulo nene linafika nyumbani likiwa zima, hata kama ni jua la saa nne.