Kwa anayeanza kazi ya maji Unguja au Pemba: ijue sababu ya kila kanuni

Vijana wengi wanaoingia kwenye huduma ya maji hapa Zanzibar wamesoma Bara, wengine Chuo cha Maji cha Dar es Salaam, wengine vyuo vikuu. Wanakuja na elimu nzuri na huwa nafurahi kuwapokea. Tatizo ni kwamba wanakuja pia na majina ya taasisi ambazo huku hazina mamlaka. Nimemsikia kijana akimwelekeza sheha, kiongozi wa shehia, apeleke malalamiko EWURA, mdhibiti wa nishati na maji wa Bara, na mwengine akiuliza ofisi ya bodi ya bonde la maji iko wapi. Basi tuanzie hapo.

Maji hayamo katika mambo ya Muungano. Sheria ya Bara ya rasilimali za maji ya 2009 na ile ya huduma za maji ya 2019 hazivuki bahari. Mabonde 9 ya maji na bodi zake, RUWASA, yaani wakala wa maji vijijini, na jumuiya za watumiaji maji za vijijini ni mambo ya Bara. Huku kwetu njia ilifunguliwa na Sera ya Maji ya 2004, ikafuata Sheria ya Maji Namba 4 ya 2006 iliyounda Mamlaka ya Maji Zanzibar, yaani ZAWA. Mdhibiti alikuja baadaye, kwa Sheria Namba 7 ya 2013, naye ni ZURA. Wizara hutunga sera, ZAWA hutoa huduma, ZURA husimamia leseni, bei na haki za mtumiaji. Ukilishika hilo vizuri utaweza kumjibu mtu yeyote anayekuuliza kwa nini bei iko hivi: mtoa huduma hajipangii bei peke yake, inapita kwa mdhibiti. Msomaji mita anayesema "bei tumepanga sisi ofisini" anaharibu kazi ya wenzake wote.

Sheria utazisoma mwenyewe, zipo. Ninalotaka kukwambia ni kwamba kila kanuni utakayopewa ina sababu yake, ama chini ya ardhi ama ndani ya bomba, na mwananchi huikubali kanuni akishaelezwa sababu. Ukimwambia "sheria inakataza" tu, ukiondoka atafanya alivyotaka.

Anza na bili yenyewe, maana ndiyo itakayokugombanisha na watu kwanza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 maji ya mfereji, yaani ya bomba, yalikuwa bure hapa kwa miaka mingi. Mzee wa makamo ya babu yako amekulia katika hali hiyo, tena kaona maji yakimfikia bila ya mita. Akikwambia maji ni ya Mungu, usibishane naye, kwa sababu anasema kweli. Mwambie anacholipia ni kuyatoa chini, kuyatia dawa na kuyafikisha kwake. Zamani za Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, maji ya chemchem za kaskazini ya mji yaliletwa Mji Mkongwe kwa mfereji wa kujengwa, yakishuka kwa uzito wake. Leo sehemu kubwa ya maji yetu inatoka visimani na inapandishwa kwa pampu, na pampu inataka umeme. Wenye umri wanakumbuka 2008, Unguja ilipokaa kiasi cha mwezi bila umeme, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Umeme ulipokatika, mifereji nayo ilikauka, watu wakarudi kwenye visima vya kamba na madumu. Mzee aliyeyaona hayo huelewa upesi kwa nini pampu ina gharama.

Sasa mita. Kwenye mita nyingi utakazosoma, tarakimu nyeusi ni uniti kamili na nyekundu ni vipande vya uniti. Uniti 1 ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Mwambie mteja hivyo hivyo, kwa ndoo, maana ndoo anaijua. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, inamaliza uniti 9 kwa mwezi. Ikiwa bili inaonyesha uniti 16, usimtuhumu mtu na wala usikimbilie kusema mita ni mbovu. Muombe afunge mifereji yote, kisha mtizame pamoja kile kigurudumu kidogo cha mita. Kikiendelea kuzunguka, maji yanakwenda mahali. Mara nyingi ni tangi la choo: choo kinachovuja lita 10 kwa saa hula zaidi ya uniti 7 kwa mwezi, na hakuna anayesikia kitu.

Kuna lalamiko jengine ambalo vijana hulidharau, nami nakuomba usilidharau. Mteja anasema mita yake inazunguka kabla ya maji kutoka, inahesabu upepo. Kwenye maeneo ya mgao jambo hilo hutokea kweli. Laini ikikaa tupu hujaa hewa, na maji yanaporudi huisukuma hewa ipite kwenye mita. Liandike, uliza laini imekaa kavu kwa muda gani, na mpelekee fundi wa eneo atizame valvu za kutolea hewa. Mteja aliyesikilizwa kwa jambo hili hatakufungia mlango mwezi unaofuata.

Kanuni inayovunjwa mno mijini ni ya mota ya kuvutia maji. Kufunga mota moja kwa moja kwenye laini ya mtaa hakuruhusiwi. Watu hufikiri kosa lenyewe ni kumpunja jirani, na hilo ni kweli, lakini lipo kubwa zaidi. Laini ikiwa na presha, maji hutoka kupitia tundu za bomba na uchafu wa nje hauwezi kuingia. Mota ikivuta kwa nguvu wakati presha ni ndogo, bomba linageuka kuwa mrija: kila tundu na kila kiungo kibovu huanza kunyonya kilichopo nje. Na nje ya bomba, katika mitaa yetu iliyobanana ya Mkoa wa Mjini Magharibi, mara nyingi kuna karo la maji machafu ya choo. Visiwa hivi vimepigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, kwa hivyo hili ni jambo la uhai. Mueleze mwenye nyumba aweke tangi la chini, maji yaingie humo kwa nguvu yake, kisha mota ivute kutoka tangini kupeleka juu kwenye simtangi. Anapata maji yake na laini inabaki salama.

Kuhusu dawa, mwananchi akilalamika maji yananuka klorini, usimwambie azoee. Shirika la Afya Duniani linataka maji yabaki na klorini huru angalau miligramu 0.2 kwa lita yanapofika kwa mtumiaji, na harufu ndogo ni dalili kwamba kinga ipo. Mwambie ayaweke kwenye chombo safi kilichofunikwa, harufu itapungua. Ikiwa harufu ni kali kupita kawaida, chukua sampuli, usikisie.

Nije kwenye visima, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye mustakbali wa visiwa hivi. Zanzibar haina ziwa wala mto mkubwa. Tunakunywa mvua ya masika na vuli iliyozama ardhini. Upande wa magharibi wa Unguja ardhi ina udongo mzito, maji huchujwa yakishuka. Upande wa mashariki na kusini, Makunduchi, Jambiani, Paje, na kaskazini Nungwi, ni maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe. Na Pemba utaikuta hali hiyo Micheweni. Maji matamu yaliyo chini ya maweni yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi kidogo. Kwa hesabu ya kitaalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba karibu mita 40 za maji matamu chini yake. Ukiyavuta mpaka ukayashusha mita 1, chumvi inaweza kupanda kiasi hicho hicho cha mita 40. Haitokei siku moja, lakini ikishatokea, kuirejesha nyuma ni kazi ya miaka.

Ndiyo maana kuchimba kisima kunataka kibali, hata kama kiwanja ni chako na fedha ni zako. Kibali kinauliza kina, kiasi cha kuvuta na umbali wa kisima kutoka kwa vyengine. Mwenye hoteli anaweza kuona ni usumbufu wa karatasi. Mwonyeshe kwamba kisima chake kikivutwa kupita kiasi, wa kwanza kuoga chumvi ni wageni wake mwenyewe, na wa pili ni kijiji kizima.

Maweni yana tabia ya pili. Yana nyufa na mapango, kwa hivyo maji hupita upesi bila kuchujwa. Umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima unaotajwa kwenye vitabu ni kiwango cha chini, na vitabu hivyo hivyo husema kwenye mwamba wenye nyufa umbali uzidi. Usisimame na futi kamba kijijini ukasema "mita 31, sawa" ukaondoka. Uliza maji yanaelekea wapi, angalia mteremko, pima maji baada ya mvua kubwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Nyumba zinazidi kusogelea vyanzo, na kila nyumba ina karo lake. Ukiona msingi wa nyumba unachimbwa ndani ya eneo la hifadhi ya chanzo, toa taarifa siku hiyo hiyo. Nyumba ikishaezekwa, kila mtu huona huruma.

Halafu kuna visima vya sadaka jariya. Ni jambo la kheri na vijiji vingi vimenusurika kwavyo. Lakini utakuta kisima kizuri, jina la marehemu limeandikwa ukutani, na maji hayatoki. Ukiuliza, mota ni nzima, kisima kina maji, ila tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, imekwisha na hakuna aliyepewa jukumu la kununua umeme. Mfadhili akija, mpokee kwa heshima na umuulize mapema, mbele ya sheha na kamati ya maji: kibali kipo? Maji yatapimwa wapi kabla ya watu kuyanywa? Umeme atalipa nani, mota ikiungua itatengenezwa kwa fedha gani, na kisima kitakuwa chini ya nani? Majibu yaandikwe na yatiwe saini. Mfadhili mwenye nia njema hachukizwi na maswali haya, nimewaona wakishukuru.

Mipaka ya matengenezo isomwe kwenye mkataba wa mteja, usiitaje kwa kukisia. Kwa kawaida kabla ya mita ni kazi ya mtoa huduma, baada ya mita ni ya mwenye nyumba. Kukata huduma kuna utaratibu wake wa kumpa mtu taarifa, ufuate wote, hata kama anayedaiwa amekutukana.

Usiingie mtaa wowote bila kupita kwa sheha. Piga hodi, toa salamu, kaa kama umekaribishwa. Mara nyingi utakuta nyumbani yupo Bi mkubwa peke yake. Mueleze shida yako mlangoni na umuombe ruhusa kabla ya kusogelea mita iliyo uani. Ratiba ya mgao ikibadilika, sheha aijue kabla, na tangazo lifike msikitini. Mwezi wa Ramadhani saa za matumizi zinahama: mchana wa kawaida unakuwa kimya, kisha kabla ya futari na wakati wa daku kila nyumba inafungua mfereji. Ratiba ya pampu iliyopangwa kwa Shaaban haitafaa, ipangeni upya kabla mwezi haujaandama.

Malalamiko yote yaandikwe kwenye daftari la ofisi kwa tarehe, na mteja apewe namba yake. Asiporidhika na jibu lako, mwambie waziwazi kwamba ana haki ya kwenda ZURA, na mwandikie namba ya lalamiko lake ili aende nayo.