Kwa mnaoanza kuuza kahawa Japani: mambo machache kutoka Moshi

Juzi nimesoma barua pepe ya kijana wetu mmoja kwenda kwa mwagizaji wa Tokyo. Aya mbili za kwanza ni uhusiano mwema wa muda mrefu baina ya Tanzania na Japani, ya tatu ni salamu za heshima, ya nne ndiyo kahawa, na bei hakuna. Wadogo zangu, hotuba waachieni mabalozi. Ni kweli Wajapani wamefanya mengi huku kwetu. Skimu ya mpunga ya Lower Moshi waliisaidia miaka ya 1980 na wali wake tunaula mpaka leo. Lakini huyo mnunuzi hakuchimba mfereji. Anataka kujua loti gani (fungu la kahawa linalouzwa pamoja), daraja gani, magunia mangapi, bei gani, meli lini. Basi.

Kwa kuwa kila msimu mnakuja wapya na makosa yaleyale, naandika mara moja, mkasome.

1. Hesabu. Soko la kahawa la New York linataja senti za dola kwa paundi, mnada wetu unataja dola kwa kilo 50, na gunia unalopakia ni la kilo 60. Kilo 50 ni paundi 110.23. Kwa hiyo New York ikisimama kwenye 200, kwetu ni dola 220, si 200. Kuna mwenzenu alitoa ofa akidhani namba ni zilezile, akawa amepunguza asilimia tisa bila kuombwa. Mnunuzi alikubali chapchap, jambo ambalo hajalifanya tena tangu siku hiyo.

2. Viuatilifu. Tangu 2006, mabaki ya dawa ambayo Japani haikuiwekea kiwango chake yanapimwa kwa kikomo cha sehemu 0.01 kwa milioni. Waethiopia walikiona cha moto kwa mabaki hayo mwaka 2008, na Japani ilikuwa mteja wao mkubwa. Kahawa isilale stoo moja na dawa ya mahindi, gunia lililokwisha kutumika lisirudiwe. Cheti cha afya ya mimea kiombwe mapema, si siku kontena linafungwa.

3. Jina Kilimanjaro. Hapa mnivumilie.

Kwa kanuni za lebo za Japani, Kilimanjaro ni arabika ya Tanzania. Si ya Moshi peke yake: ya Mbinga imo, ya Mbozi imo. Sisi Wachaga tunanuna, lakini ndivyo ilivyo, na ndiyo maana jina la mlima wetu linauza kahawa ya nusu ya nchi. Isipokuwa ya Bukoba. Hiyo, hata iwe arabika safi namna gani, haimo.

Mimi nilikuwa najua nusu ya kwanza tu. Msimu mmoja loti yetu ilipungua magunia baada ya kukobolewa. Maganda yalikuwa mazito kuliko tulivyokadiria. Meli imeshawekewa nafasi, bosi yuko safarini, simu haipatikani. Nikapata arabika ya Kagera, yaani hukohuko Bukoba, iliyooshwa, nzuri kabisa. Muonjaji wetu akaipitisha bila kukunja uso. Nikajazia, na kwa uaminifu wangu nikaandika kila kitu kwenye orodha ya upakiaji: gunia namba hii hadi namba hii, Kagera. Nilijiona mjanja.

Jibu lilikuja kontena likiwa baharini. Barua fupi, ya adabu mno, ikiuliza kama hayo magunia yametengwa au yamechanganywa. Yalikuwa yamechanganywa. Sikulala. Mwagizaji alikuwa ameshaahidi wachomaji wake Kilimanjaro, na sasa hakuwa na ruhusa ya kuuza hata gunia moja kwa jina hilo. Angeweza kuikataa yote. Aliichukua kwa bei ya kahawa isiyo na jina, na ile tofauti haikutoka mfukoni mwangu, ingawa ingestahili. Ilitoka kwenye malipo ya pili ya wakulima, yale wanayopata kahawa ikishauzwa. Nilitumwa mimi mwenyewe kwenye mkutano wa chama cha msingi cha ushirika kueleza. Mzee mmoja aliniuliza, “Mwanangu, sisi tumekuletea kahawa ya hapa hapa mlimani. Umeipeleka wapi ikapoteza jina?” Wengine walicheka. Yeye hakucheka, na mimi sikuwa na jibu.

Magunia yakipungua, mwambie mnunuzi yamepungua. Atakasirika siku moja.

4. Sampuli. Usipakie kabla mnunuzi hajaikubali kwa maandishi. “Nadhani itapita” si maandishi. Na sampuli ichotwe kwenye loti iliyokwisha kuchanganywa, si kwenye magunia mawili yaliyo karibu na mlango kwa sababu karani ana haraka ya kwenda kula.

5. Saa. Tokyo wametutangulia saa sita. Wewe ukifungua ofisi saa tatu asubuhi, kule ni saa tisa alasiri. Ukimaliza chai yako ya saa nne na maandazi yako mawili na habari za mpira, wanaanza kufunga mafaili. Mambo ya Tokyo yafanyike kwanza, chai baadaye. Na mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei wana sikukuu zimefuatana. Nyaraka zenye tatizo ziwe zimenyooshwa kabla ya hapo, maana ukizituma katikati zitakaa, na kontena bandarini linahesabiwa siku kama kawaida.