Maswali ya Wasomaji: Bastola ya Babu na Fundi wa Nikeli

*Shikamoo Mzee. Marehemu babu yangu ameniachia bastola ya kizamani, Colt yenye mtutu wa pembe nane na silinda ya matundu sita. Imeingia weusi na madoa ya kahawia. Fundi mmoja wa vyuma ameniahidi kuing'arisha mpaka nijione sura, halafu aipake nikeli. Nataka iwe ya kwanza katika mkusanyiko wangu. Nimkubalie?* – Mjukuu

Marahaba, mwanangu. Huyo fundi mshukuru kwa ukarimu wake, kisha bastola irudishe nyumbani leo leo.

Kabla ya lolote, hakikisha haina kitu ndani. Rivolva za namna hiyo hazikutumia risasi za ganda: kila tundu lilishindiliwa baruti na risasi kutoka mbele, na fataki, kikofia kidogo cha kuwashia baruti, ikavishwa kwenye kichuchu cha nyuma. Katika miaka yangu nimeshika mbili zilizokuwa bado zimejaa, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu haizeeki kama sisi. Ukiitazama silinda kwa mbele, tundu tupu lina kina. Lililojaa limezibwa na kitu cha kijivu. Ukiona hivyo, au ukiwa na shaka tu, usichokoe, usigonge, usipashe moto. Mwite fundi bunduki mwenye leseni. Kwa hili sina utani.

Sasa tuitazame. Kwa maelezo yako nadhani ni ile iitwayo Navy ya 1851, iliyotengenezwa mpaka 1873. Chukua lenzi, izungushe silinda polepole huku taa ikimulika kutoka ubavuni. Unaona matanga? Hivyo ni vita vya baharini vya tarehe 16 Mei 1843, manowari za Texas zikipambana na za Meksiko huko Campeche. Mchoro ni kazi ya W. L. Ormsby, na kiwandani ulihamishiwa kwenye silinda kwa kuiviringisha chini ya shinikizo. Alama zake ni nyepesi mno, hata ukucha haukwami. Ndiyo maana ni kitu cha kwanza kufutika, kwa mikono, kwa ala, kwa kupangusiwa shati. Sisi wakusanyaji hali ya Navy huipima kwa kuuliza matanga mangapi bado yapo. Pitisha msasa wa mashine hapo kwa dakika moja tu, bahari yote imekauka.

Tena bastola iliyosuguliwa humdanganya mgeni peke yake. Mimi huanza na skrubu. Chuma kinachozunguka tundu la skrubu kinatakiwa kuwa tambarare; kikisuguliwa hubonyea kama kisahani. Kisha natazama kingo za pembe nane za mtutu, ambazo huwa zimelainika kama sabuni iliyotumika nusu. Mwisho herufi: upande mmoja zina kina, upande wa pili zimemezwa. Nikeli juu ya hayo ni kumpaka maiti poda.

Najua kwa sababu nimelifanya mwenyewe. Rivolva yangu ya kwanza ilikuwa ya Kibelgiji, mtindo wa Lefaucheux, ambayo kila risasi ina kipini kinachochungulia nje ya silinda na nyundo hukipiga kutoka juu. Nilikuwa kijana, nikaikalia na msasa Jumapili nzima. Jioni iling'aa kama kijiko cha wageni. Miezi michache baadaye nikajifunza kwamba huko Liège, Ubelgiji, bastola iliyopimwa ikafaulu ilipigwa muhuri wa umbo la yai wenye herufi ELG, na kwamba kuanzia 1893 juu ya yai liliongezwa taji. Nikaikimbilia yangu. Yai lilikuwepo nusu. Juu yake palikuwa peupe pe. Palikuwa na taji au hapakuwa? Jibu nililipangusa mimi kwa kitambaa, tena huku napiga mluzi.

Kwa hiyo yako ifanyie machache. Vaa glavu za pamba, maana jasho la vidole huota kutu yenye mistari ya kidole chako. Kutu hai, ile nyekundu inayoacha unga, ipake mafuta mepesi, iache usiku kucha, ifute kwa pamba, rudia hata mara kumi. Weusi na ukahawia usiobanduka uache, hiyo ndiyo ngozi yake. Kisha nta, nyembamba sana. Mimi natumia Renaissance Wax, iliyobuniwa kwenye maabara ya British Museum. Mbao za mpini usizimwagie mafuta, zitayanywa ziwe nyeusi. Na ala ya ngozi, hata kama ni yake tangu zamani, itunze kando: ngozi hushika unyevu na dawa iliyotengenezewa, siku unaichomoa bastola unaikuta ina upele.

Bisibisi iweke mbali kwanza. Igeuze tumbo juu usome namba: chini ya mtutu, kwenye fremu, kwenye kinga ya kifyatulio na kwenye kitako. Zikilingana, una bastola moja. Zisipolingana, una bastola mbili tatu zilizooana. Kabari inayoshika mtutu nayo ina namba, ila ni kidude kinachochomolewa na kupotea, kwa hiyo ikitofautiana usilie. Ukikuta alama ya nyota juu ya herufi PN, hapo pole: ni nakala ya Kiitaliano ya karne ya 20 au ya baadaye, nzuri ya kujifunzia.

Na jambo la karatasi. Bastola umeirithi, kibali hakirithiwi. Sheria ya shirikisho ya Marekani, kwa mfano, huhesabu silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla kuwa ya kale. Kwingine mstari umechorwa pengine kabisa. Kaulize kabla hujaulizwa.

*Mzee, muuzaji ananiambia Smith & Wesson yake ndogo ya risasi saba ni ya 1855, kwa kuwa tarehe imechapwa kwenye silinda. Nimwamini?* – Msomaji mwenye haraka

Tarehe ni ya kweli, ila si ya bastola. Tarehe 3 Aprili 1855 ndiyo siku Rollin White alipopata hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine wasimwige, ya silinda iliyotobolewa moja kwa moja, ili risasi ya ganda iingie kwa nyuma. Smith & Wesson walianza kuuza bastola hiyo 1857, wakaendelea kuichapa tarehe ileile miaka na miaka. Hataza hiyo iliwafungia wengine mlango mpaka 1869, ndiyo maana Navy ya mwenzako hapo juu iliendelea kushindiliwa baruti kwa mbele. Remington nao wana bastola yenye tarehe 14 Septemba 1858, ambayo dunia nzima inaiita "1858", na ni hataza vilevile.

Rudi kwa muuzaji ukiwa na lenzi. Mara nyingi pembeni ya 1855 utakuta tarehe nyingine mbili, ya Julai 1859 na ya Desemba 1860. Ukizikuta, mwulize kwa upole zilifikaje kwenye bastola ya 1855.